Kompyuta kuukuu, Windows 10 na Linux: ikikwama Pemba, nani wa kuifungua?

Mwalimu mmoja wa madrasa kutoka upande wa Konde alitufikia kituoni na laptopu imefungwa ndani ya kanga, kama mtu anayeleta mgonjwa. Mashine ile aliletewa na mtoto wa dada yake anayefanya kazi Muscat, na kijana kabla ya kurudi alimwekea Linux badala ya Windows. Ilikwenda vizuri kwa miezi. Usiku mmoja umeme ukakatika, betri ya laptopu yenyewe ilishakufa zamani, na asubuhi yake kioo kikawa cheusi tupu, maandishi meupe ya Kiingereza yakishuka mpaka kwenye neno moja la ajabu: initramfs.

Fundi wa kwanza alimwambia hadi diski imekufa. Wa pili alitaka afute kila kitu, arudishe Windows, na alipwe kwanza. Ndani ya mashine ile mlikuwa na orodha za wanafunzi, mitihani ya miaka kadhaa, na hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mkewe mwalimu ni katibu. Daftari la hesabu lilikuwepo, lakini liliishia mwaka jana.

Mashine ilifunguka kwa amri moja, na nitaieleza hapa chini. Kisa hiki si cha mwalimu peke yake. Tangu tulipozungumzia kompyuta kwenye kipindi, simu na meseji zimekuwa nyingi, na nyingi ni za namna hiyo: mashine nzima, tatizo dogo, na mtu ameambiwa anunue nyingine.

Niseme mapema kwamba mimi si mhandisi. Nina cheti cha utangazaji. Linux nimeijua kwa sababu kompyuta ninayohariria sauti inatumia mfumo huo pamoja na programu ya Audacity, na mashine ikigoma saa moja kabla ya kipindi hakuna wa kumngoja.

Kwa nini jambo hili limekuja sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10. Wengi wameelewa kwamba siku hiyo kompyuta zao zingezimika. La. Windows 10 inaendelea kuwaka na kufanya kazi. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure, yaani marekebisho ya kuziba matundu yanayotumiwa na wezi na virusi. Kampuni imeweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watu wa majumbani, unaofika Oktoba 2026, na baada ya hapo basi.

Mtu atasema, si uhamie Windows 11? Hapo ndipo penye kikwazo. Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka za kizazi cha nane kwenda juu, ambazo zilianza kuuzwa 2017. Laptopu ya 2014, hata kama kioo chake hakina mkwaruzo, imeachwa nje.

Maofisi ya Ulaya na Ghuba hayawezi kubaki na mashine zisizozibwa matundu. Yatazitoa. Na sisi tunajua vitu vinavyotolewa huko huishia wapi: vitashuka Dar es Salaam na Unguja, na vingine vitapanda boti kuja Mkoani na Wete. Kwa mzazi mwenye mtoto wa kidato cha nne hiyo inaweza kuwa neema, kwa kuwa bei itakuwa nafuu. Lakini mfumo upi utakuwa ndani? Muuzaji mwingi ataweka Windows ya wizi. Wachache, kama yule kijana wa Muscat, wataweka Linux.

Linux ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Ilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, aliyeweka kazi yake wazi ili kila mtu aisome, airekebishe na kuigawa. Usidhani ni kitu cha mbali. Simu ya Android uliyoishika sasa hivi ina kiini cha Linux ndani yake. Aina inayojulikana zaidi kwenye kompyuta za majumbani ni Ubuntu, iliyoanza 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Nyingine ni Linux Mint, ambayo hupendwa na waliozoea Windows kwa sababu sura zinafanana. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zote zina viraka vya bure mpaka 2029.

Hata kwa Kiswahili jambo hili si geni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandika na kupiga hesabu iliyofasiriwa kwa Kiswahili, chini ya mradi uliojulikana kama Kilinux. Kazi ile ilistahili sifa zaidi ya ilizopata. Ila kwa maoni yangu ilitupatia maneno kabla ya kutupatia mafundi. Leo miaka zaidi ya 20 imepita, na mtu wa Micheweni mwenye Linux iliyokwama bado hana pa kuipeleka.

Umeme ukikatika

Tangu 2010 Pemba tunapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na aliyeishi zama za majenereta anajua tofauti yake. Lakini kukatika kupo, na kompyuta isiyo na betri haipendi kukatikiwa. Wakati umeme unaondoka, huenda mashine ilikuwa inaandika kitu kwenye diski. Maandishi yale hubaki nusu. Ikiwashwa tena, Linux hukagua diski, ikiona mambo hayalingani inasimama na kukuuliza. Kule kusimama ndiko watu wanakokuita kufa.

Kwa mwalimu wetu, juu kidogo ya neno initramfs mlikuwa na mstari unaotaja /dev/sda2 na kusema fsck iendeshwe kwa mkono. Mashine yenyewe ilikuwa imeandika dawa yake. Ikiwa mstari huo huuoni, andika exit kisha bonyeza Enter, mara nyingi utatokea. Halafu andika, ukiweka jina lile lile ulilolisoma kwenye kioo chako:

fsck -y /dev/sda2

Herufi y ina maana ya kujibu ndiyo kwa kila swali. Maandishi yatapita mengi, usiogope. Yakimalizika andika exit au reboot. Ya mwalimu ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ukatokea ukurasa wa kuingilia na picha ya wanawe.

Hapa pana tahadhari moja. Ukisikia diski inagongagonga kwa ndani, au ukaona maneno I/O error yanajirudia, usirekebishe chochote. Hiyo diski huenda kweli inakufa, na kila ukiitumia unaimaliza. Kilicho bora ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kwa sababu Ubuntu na Mint zote huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kisha unakili mafaili kwanza. Kila kijiji kingekuwa na flashi moja ya namna hiyo, ingeokoa mengi.

Umeme ukikatika katikati ya kuweka masasisho, dalili ni nyingine. Mashine inawaka, lakini ukijaribu kuongeza programu inakataa. Fungua dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T pamoja, uandike:

sudo dpkg --configure -a

Itakuuliza neno la siri. Na hapa nimepigiwa simu nyingi sana: unapoandika neno la siri kwenye dirisha lile huenda kisionekane kitu chochote, hata nyota. Kibodi haijaharibika. Andika tu mpaka mwisho, bonyeza Enter. Ikimaliza, fuatisha:

sudo apt -f install

Ukiambiwa haikuweza kupata lock, basi kuna sasisho jingine linaendelea kwa nyuma. Ngoja robo saa. Utakuta ushauri mtandaoni wa kulifuta faili hilo la lock. Usiufuate wakati masasisho yanaendelea, ndiyo njia ya kuivuruga mashine nzima. Na kwa jumla, amri yoyote inayoanza na sudo rm au sudo dd uliyotumiwa na mtu usiyemjua, iache hapo hapo.

Saa iliyorudi nyuma

Hili ndilo tatizo linalowatesa wengi bila kulijua. Kompyuta inawaka, intaneti ipo, lakini kivinjari kinakataa kufungua tovuti, kinasema muunganisho si salama. Mtu anadhani bando limekwisha au amedukuliwa. Tazama tarehe kwenye kona ya kioo. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kompyuta ikiamini kwamba leo ni siku iliyokwisha kupita zamani, vyeti vyote vitaonekana vibaya.

Chanzo chake ni betri ndogo bapa mfano wa sarafu iliyomo ndani, kwa kawaida imeandikwa CR2032. Kwenye mashine ya miaka kumi huenda betri hiyo imechoka. Kwa kompyuta ya mezani kuibadilisha ni kazi ya dakika tano, kwa laptopu nyingine mpaka ufungue mgongo. Kwa muda, sahihisha tarehe kwenye mipangilio kila unapowasha.

Wenye mifumo miwili kwenye mashine moja wana kisa chao: kila wakitoka Linux kuingia Windows, saa inapotea kwa saa tatu kamili. Si uchawi. Linux huhifadhi saa ya ndani kwa saa ya dunia, Windows huihifadhi kwa saa ya hapa, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya ile ya dunia. Sisi tuliozoea tofauti ya saa sita baina ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu hatukosi kuchekeshwa na hili. Amri ni:

timedatectl set-local-rtc 1

Waifai haionekani, na simu yako ndiyo dawa

Baadhi ya laptopu, hasa zenye kadi za waifai za Broadcom, zinahitaji draiva ambayo haiji pamoja na Linux. Sasa unaambiwa uipakue kutoka intaneti, na intaneti ndiyo usiyokuwa nayo. Watu wengi wameirudishia Windows hapa hapa.

Chukua simu yako ya Android na waya wake wa kuchajia, unganisha kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kugawa intaneti, washa palipoandikwa USB tethering. Kompyuta itaona intaneti ya waya mara moja. Baadhi ya waya za bei rahisi hupitisha chaji tu, hazipitishi taarifa, kwa hiyo ikikataa jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu mashine. Ikishaunganika, kwenye Ubuntu tafuta Additional Drivers, kwenye Mint tafuta Driver Manager, chagua draiva inayopendekezwa, halafu zima na uwashe.

Lakini chunga bando. Mfumo mpya ukiona intaneti huanza kupakua masasisho, na yanaweza kufika mamia ya megabaiti. Mama mmoja wa Kengeja alinunua bando asubuhi ili mwanawe ajaze fomu ya mkopo wa chuo; hawajafika ukurasa wa pili, limekwisha. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Ubuntu kuna sehemu ya kuueleza mfumo kwamba muunganisho huu una kikomo, imeandikwa Metered connection. Iwashe kabla ya kitu kingine. Kwa Ubuntu, andika pia:

sudo snap refresh --hold

Hiyo huzuia programu za aina ya snap kujisasisha zenyewe. Ukienda mahali penye intaneti ya bure, sasisha kwa hiari yako. Usiache kabisa, maana viraka ndiyo sababu ya kuhama.

Unaingiza neno la siri, kioo kinakurudisha

Neno ni sahihi, lakini kila ukiingia unarudi pale pale. Mara nyingi diski imejaa, mfumo haupati nafasi hata ya kufungua ukurasa wako. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Utaona kioo cheusi kinachokuuliza jina na neno la siri; ingia, andika df -h uone sehemu ipi imefika asilimia 100. Kisha:

sudo apt clean
sudo apt autoremove
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Zima, washa, na ukishaingia hamisha zile video za harusi. Nasema harusi kwa sababu mara mbili nilizoitwa kutazama mashine iliyojaa, mara zote mbili zilikuwa ni harusi.

Barua, Kiarabu na printa

Linux nyingi huja na LibreOffice kwa kuandika. Inafungua mafaili ya Word, lakini barua nzuri ya kurasa moja uliyoiandika nyumbani inaweza kutoka kurasa mbili kwenye duka la kuchapisha. Sababu kubwa ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft. Badala yake kuna Carlito na Caladea, zilizotengenezwa kwa upana ule ule wa herufi, hivyo mistari haihami. Kwa Times New Roman na Arial kuna Liberation Serif na Liberation Sans. Na ukipeleka kitu kuchapishwa, peleka PDF. Haibadiliki popote iendapo.

Walimu wa madrasa wanaotunga mitihani kwa Kiarabu: ongeza kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio, na uwashe lugha hiyo kwenye mipangilio ya lugha ya LibreOffice, ndipo kitatokea kitufe cha kuandika kutoka kulia. Fonti ya Amiri ni ya bure na inasomeka vizuri.

Flashi iliyotoka kwenye kompyuta za mjini yenye virusi vile vinavyogeuza mafaili kuwa njia za mkato haiidhuru Linux. Mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Bonyeza Ctrl na H kwenye dirisha la mafaili utayaona. Lakini ukiyabeba na virusi vyake ukampelekea mwenzio mwenye Windows, umemwambukiza.

Printa ni habari ya huzuni. Nyingi za HP hufanya kazi. Baadhi ya leza ndogo za Canon zinataka draiva ya Canon yenyewe, na kuiweka ni shughuli. Usinunue printa kabla ya kuijaribu na mashine yako pale pale dukani.

Nani asihame

Wenzangu wanaoisifu Linux hulipitia jambo hili haraka. Ukiwa na duka la kuchapisha kadi na mabango, na kazi yako ni CorelDRAW au Photoshop, hazina toleo la Linux. Ukiwa na programu ya hesabu ya duka iliyotengenezwa kwa Windows tu, uliza kwanza. Na mashine ya zamani sana, ya biti 32, imeachwa hata na Linux nyingi: Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Yenye RAM ya gigabaiti 2 itawaka, lakini kivinjari kikifunguliwa kurasa nne itaanza kuhema. Kwa hizo afadhali Lubuntu au Xubuntu, ambazo ni nyepesi.

Na unapoweka, kuna ukurasa unaokuuliza kama ufute diski yote. Ukikubali, kila kilichomo kinaondoka. Nakili kwanza.

Ukituandikia, tusaidie tukusaidie. Meseji ya kioo cheusi peke yake haitoshi. Piga picha ya kioo kizima ionekane mistari ya mwisho, taja aina ya mashine, na useme nini kilitokea kabla ya hapo: umeme, sasisho, mtoto, maji. Neno lako la siri usitutumie, wala usimpe mtu yeyote.

Mwalimu wa Konde amerudi kwake. Printa yake, leza ndogo ya Canon, bado imegoma, kwa hiyo anapeleka PDF kwenye duka la kuchapisha na kulipia kila karatasi. Alinunua flashi mbili akatia nakala za mafaili yote. Moja iko madrasa, ya pili ameiweka kwa dada yake Wete.